Fundi Aliyejiachisha Kazi

Sogezeni viti. Mwenye mkopo asogee zaidi, maana hii ni yake. Asiye na mkopo asicheke mapema, sote tunapita barabara hiyo hiyo. Msinikatize mpaka nifike mlangoni, kwa sababu habari yenyewe inagota mlangoni.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho majirani walikiita ugonjwa.

Hadia Mhando alikuwa hatupi karatasi. Risiti ya kibiriti, kadi ya harusi ya watu waliokwisha kuachana, tiketi ya basi ambalo lenyewe lilikwisha kuuzwa chuma chakavu, vyote vilikuwa ndani ya kikapu chake cha ukindu. Masika yakija na bati likivuja, kikapu kililala kitandani na Hadia akalala chini. Mumewe alipomuuliza nani ameolewa hapa, alijibu, "Kikapu hakikoromi."

Pius Kaoneka aliuza karanga, na hakufunga karanga kwenye karatasi ambayo hajaisoma. Mteja angesimama na sarafu mkononi, Pius bado yuko aya ya pili. "Vumilia kaka, huyu bwana karibu anahukumiwa." Alisoma magazeti ya mwaka juzi, mitihani ya watoto, hata vikaratasi vya ndani ya boksi za dawa. Alijua madhara ya vidonge ambavyo hakuwahi kuvimeza.

Tusekile, binti wa Kinyakyusa aliyeletwa Korogwe na kazi, alikuwa hasahau. Ukikutana naye baada ya miaka mitano atakwambia siku ile ulivaa shati gani na ulisema uongo upi. Ni kipaji kizuri, ila hakimletei mtu marafiki. Alikuwa afisa mikopo wa kampuni moja pale mjini. Baadaye kampuni ikapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa, akarudi kukaanga vitumbua.

Na katikati yao alisimama wa nne, asiye na kipaji chochote ila cha kutia sahihi. Huyu ni Hemedi Mhando, mdogo wake Hadia, fundi wa mageti. Nusu ya mji ililala usingizi mnono nyuma ya mageti yake. Kwake mwenyewe palizibwa kwa bati kuukuu na kamba ya katani. Ukimuuliza, alikujibu, "Umeona wapi daktari akajidunga sindano?" Vyuma vya geti lake alikuwa navyo, vimeegemea ukuta mwaka wa pili. Vilikuwa vya geti moja. Hilo mlishike.

Sasa, Hemedi alikopa anunue mashine kubwa ya kuchomelea. Mashine yenyewe ikawa dhamana. Tusekile ndiye aliyemletea fomu, enzi hizo bado ana kiti ofisini.

"Tia sahihi palipo na tiki, Fundi."

Mwamjua fundi wa kuchomelea. Anapogusisha chuma kwa chuma hutupa uso pembeni na kufumba macho, cheche zisimwingie. Miaka ishirini ya kazi hiyo, mkono umezoea kutenda macho yakiwa yamefumbwa. Basi Hemedi alitia sahihi vivyo hivyo, nukta hapa, nukta pale, uso ameutupa dirishani. Alifumbua macho mara moja tu.

"Na hii nayo?"

"Bima ya mkopo. Ukikwama, bima inakulipia rejesho."

"Nisipoitaka je?"

Tusekile akatazama mlango wa meneja. "Mkopo utachelewa."

Hemedi akafumba macho, akatia nukta ya mwisho. Tangu hapo kila mwezi alilipa rejesho, na juu yake alilipa bima.

Mwaka haujaisha, siku moja akasahau kufumba. Cheche ikaingia jicho la kulia, na la kushoto likavimba kwa kumhurumia mwenzake. Akafungwa bandeji miezi miwili. Watu walipokuja kumpa pole walimkuta anatabasamu kama bwana harusi. "Msinihurumie mimi. Mimi nina bima."

Akashikwa mkono hadi ofisini. Meneja alimpokea vizuri, akamwekea kiti, akaagiza maji.

"Bima yako ipo hai kabisa, Fundi. Leta tu barua ya mwajiri wako kwamba amekuachisha kazi."

"Mwajiri wangu ni mimi."

"Basi lete barua yako."

Mtu mwingine angejua kwamba amedhihakiwa. Hemedi alinunua bahasha akaenda nayo nyumbani. Akafungua bandeji upande mmoja, akaandika:

"Kwako Hemedi Mhando. Kuanzia leo nimekuachisha kazi kwa sababu ya macho. Ulikuwa mchelewaji lakini hukuwa mwizi. Nakutakia maisha mema. Wako, Hemedi Mhando, Mkurugenzi."

Karani wa mapokezi aligonga mhuri bila kusoma: IMEPOKELEWA, na tarehe. Meneja alisoma, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akamrudishia na karatasi nyingine juu yake. Hiyo haikuwa ya kuchekesha. Marejesho mawili hayajalipwa. Ijumaa ya wiki inayofuata mashine ingekuja kuchukuliwa.

Hemedi akakaa kibandani mwake, akaitazama ile mashine kwa jicho moja. Bila mashine hana kazi. Bila kazi hana rejesho. Bila rejesho hana mashine. Na bima, akiacha kuilipa deni linakua, akiilipa anamlipia mtu mwingine kinga. Kila alikogeuka alikuta nondo, tena alizozipanga kwa mkono wake. Alikuwa fundi aliyejichomelea ndani ya geti lake, na komeo liko nje. Ile barua akaifinyanga, akaitupa kwenye majivu. Hadia, aliyekuwa amekuja na uji, akainama akaiokota.

"Hiyo takataka unaipeleka wapi, dada?"

"Wewe kunywa uji."

Siku ya Jumatatu, pale kwenye meza ya karanga ya Pius, hasira zilimpanda Hemedi. Watu wengi walikuwepo. Akasimama, akanyoosha kidole kuelekea nyumbani kwake. "Wallahi, yule atakayeiokoa mashine yangu, geti la nyumba yangu ni lake! Namtengenezea kwa vipimo vya mlango wake, na namfungia mwenyewe!"

Laiti angefumba mdomo kama anavyofumba macho.

Hadia ndiye aliyeanza. Kampuni, kila mtu alijua, haikumpa mkopaji fomu mara ya pili. Ukipoteza nakala yako, shauri yako. Hemedi ya kwake aliitumia kuwashia mkaa. Ila siku ya mkopo Hadia alikuwa amekwenda naye, akaomba nakala moja ya ziada "ya kikapu." Akamwaga kikapu kizima uani. Mbuzi wa jirani wakaja, maana nyumba ya Hadia haina mlango ila pazia la kanga, na pazia halimzuii mbuzi. Alipambana nao kutwa nzima kwa mwiko. Kadi ya ndoa yake mwenyewe ililiwa, lakini fomu aliipata, akaiweka pamoja na ile barua yenye majivu.

Pius akafuata. Nyuma ya ile fomu palikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Pius aliyasoma siku mbili akiwa na kioo cha saa mbovu. Alhamisi, sufuria nzima ya karanga iliungua mbele ya pua yake kwa sababu alikuwa amefika kifungu cha kumi na saba.

"Fundi! Njoo usikie. 'Bima hii humhusu mwajiriwa anayelipwa mshahara na mwajiri mwingine.' Mwingine, Fundi! Wewe hata ungekufa mara tatu bima hii isingekulipa. Umeuziwa mwavuli usiofunguka."

"Karanga zinaungua, Pius."

"Ziungue! Kuna kifungu cha ishirini na mbili. Aliyeuziwa isiyomfaa anarudishiwa yote."

Ijumaa ikafika. Saa tatu asubuhi vijana wa kubeba mashine wameshaegesha kirikuu, kile kigari cha mizigo, nje ya ofisi, na Hemedi, Hadia na Pius wako mbele ya meneja. Meneja akageuza fomu taratibu.

"Hapa kuna tiki kwenye neno 'mwajiriwa.' Mteja ndiye aliyesema. Sisi tungejuaje?"

Hadia akaweka ile barua mezani. "Mhuri wenu huu. Mlipokea habari kwamba mwajiri wake ni yeye."

"Mama, huu ni mzaha."

"Ni mzaha uliopigwa mhuri, mzee," Pius akasema.

"Haya. Mhuri unaonyesha hali yake ya mwezi huu. Siku ya mkopo je? Nani anajua alisema nini?"

Huko nje kirikuu kiliwashwa. Hemedi alihisi komeo likiingia tunduni.

Ndipo mlango ukafunguliwa na Tusekile. Yeye alikuwa amekuja kwa shida yake. Kulikuwa na kazi Muheza, na ili aipate alihitaji barua ya utumishi, ambayo meneja alimwahidi siku hiyo hiyo. Alikuwa amesimama mlangoni na amesikia yote.

"Mimi najua," akasema. "Ilikuwa Jumanne. Fundi alivaa fulana ya kijani, imetoboka begani. Hakusema ameajiriwa. Sikumuuliza. Tiki niliweka mimi kabla hajafika, kwa sababu tuliambiwa hakuna mkopo kutoka bila bima."

Meneja akavuta droo nusu. "Tusekile, barua yako iko humu. Fikiri."

Tusekile akaitazama droo. "Ningeweza kusahau, ningekwisha kuwa tajiri," akasema. "Nileteeni kalamu niandike."

Droo ikafungwa. Lakini maelezo yakaandikwa, yakatiwa sahihi, na nakala moja ikaingia kikapuni kabla wino haujakauka. Meneja akapiga simu makao makuu, akaongea kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Hatimaye kampuni ikarudisha kila kilichokatwa kwa jina la bima tangu mwezi wa kwanza. Kiasi hicho kikaziba marejesho yaliyolala, hakikubaki kitu. Kirikuu kikaondoka kitupu, mashine ikabaki pale pale, na jicho likapona.

Mngedhani tumekwisha. Ndiyo kwanza tunafika mlangoni.

Jumapili Hemedi alitoa vile vyuma ukutani, akashika utepe wa kupimia na chaki. Kugeuka, wako watatu.

"Mdogo wangu," Hadia akasema, "bila karatasi, Pius angesoma nini, kiganja chako? Mbuzi wamekula ndoa yangu. Nataka mlango."

Pius akakohoa. "Kwa heshima zote, shemeji, karatasi zilikaa kikapuni mwaka mzima zikiwa bubu. Aliyezipa ulimi ni nani? Na siku tuliyokuwa ofisini kwa ajili ya fundi, vibaka waliingia stoo yangu, wakachukua gunia la karanga. Hata magazeti niliyokuwa sijayasoma walibeba."

"Aliyekuzuia kufunga stoo nani?"

"Kuifunga kwa nini, shemeji? Kwa dua?"

Tusekile alikuwa wa mwisho kusema. Kodi ilikuwa imempita miezi miwili, na mwenye nyumba, kama ilivyo desturi yao, hakumfukuza, aling'oa mlango akaondoka nao. Binti alikuwa analala na meza ya vitumbua imeegemezwa mlangoni. "Sidai," akasema. "Ila kazi ya Muheza imekwenda na ile droo. Ninyi mlitoa mlivyokuwa navyo. Mimi nilitoa nilichokuwa sijakipata."

Hadia akageuka kama aliyechomwa. "Na nani aliyeweka tiki? Mtu akutumbukize kisimani, halafu akutupie kamba, umpe na zawadi?"

"Mlikuwa na kamba nyingine?" Tusekile akauliza.

Hemedi akapima. Mlango wa Hadia ni mwembamba. Wa stoo ya Pius ni mpana na mfupi. Wa Tusekile ni mrefu, wa nyumba za zamani. Chuma kikikatwa kwa mmoja hakiwafai wawili, na chuma hakirefushwi kwa aibu. Kiapo kilisikika na soko zima. Na msinishauri kwamba atengeneze mageti matatu, maana hilo wamelifikiria wengine. Jumatatu asubuhi yule karani wa mhuri alipita kibandani kwa adabu nyingi.

"Shikamoo, Fundi. Meneja anakusalimu. Anasema kama umepungukiwa vyuma, kuna mkopo mpya. Wa haraka." Akaweka fomu juu ya mashine. "Tia tu sahihi palipo na tiki."

Safari hii Hemedi alifumbua macho yote mawili. Fomu akampa Pius akafungie karanga, baada ya kuisoma. Kisha akapiga goti mbele ya vyuma vya geti moja, chaki mkononi, na dada yake, na jirani yake, na yule aliyemponza akamponya, wamesimama nyuma yake.

Yupo pale mpaka sasa, goti linamuuma. Msimharakishe, fundi hupima hata mara kumi, hukata mara moja. Lakini msumeno umeshawashwa na umeme ni wa kulipia. Haya, nyinyi mliokaa hapo mkila karanga zangu bure: aliyehifadhi, aliyesoma, na aliyesema. Ingekuwa chaki hiyo iko mkononi mwako, ungeuchora mlango wa nani?