Mzee Pyo na Meza ya Plastiki

Hii isome mpaka mwisho, halafu umtumie mtu yeyote mwenye kabati la vyombo vya wageni.

Katika mji wa Tongyeong, kusini mwa Korea, kulikuwa na fundi aitwaye Mzee Pyo Mansik. Alikuwa akitengeneza soban, yaani meza ndogo za chakula zisizofika hata gotini. Wakorea wa zamani walipoketi sakafuni kula, kila mtu aliwekewa ya kwake. Mzee Pyo alizichonga kwa mkono, akazipaka utomvu wa mti tabaka juu ya tabaka, akazitia nakshi za kombe za baharini. Zilimeta utadhani zina mwezi ndani.

Binti yake, Narae, alijifunza kazi hiyo kwake, kisha akahamia Seoul na kufungua karakana. Siku moja akamtumia baba yake picha ya soban aliyoibuni mwenyewe. Umbo lilikuwa lile lile la nyumbani, na miguu ile ile yenye kupinda, ila ilikuwa ndefu, ya kulia ukiwa umeketi kitini, tena yote plastiki angavu kama barafu.

Mzee Pyo nusura aiangushe simu.

"Plastiki!" akamwambia mkewe. "Nimemfundisha mtoto miaka yote hiyo ili aje kutengeneza ndoo?"

"Hujaiona, unaitukana," mkewe akajibu. "Nenda kaione kwanza, ndipo utaitukana vizuri."

Asubuhi akapanda gari la Seoul. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia Narae, tena mbele za watu.

Alipofika kwenye ukumbi ambamo Narae alikuwa akionyesha kazi zake, akaikuta ile meza katikati. Narae alikuwa amewapikia wageni uji wa boga, na bibi mmoja wa makamo yake alikuwa ameketi mezani hapo akiunywa, macho ameyafumba.

Mzee Pyo akamsogelea. "Bibi, hivi kweli unaipenda hii plastiki?"

"Naipenda sana, mzee mwenzangu. Magoti yangu yaligoma kukaa chini zamani. Nilijua sitakula tena kwenye soban mpaka naingia kaburini. Leo nimekaa, nimekula, nimemkumbuka mama yangu."

"Lakini soban ya kweli ni ya mbao!"

"Hiyo pia ninayo," bibi akasema kwa maringo. "Wala si ya fundi wa kuokoteza. Ni ya Pyo Mansik wa Tongyeong."

Kifua cha Mzee Pyo kikajaa. Akajikaza asitabasamu. "Ehe! Na chakula kinapendeza juu yake?"

Bibi akamkodolea macho. "Chakula? Juu ya meza ya Pyo? Wewe vipi! Imo ndani ya kabati la kioo. Wajukuu hawaruhusiwi hata kuipumulia. Sijawahi kuiwekea hata kikombe cha maji."

Mzee Pyo akaikumbuka meza yake ya mbao. Ule ukingo wa meza aliuinua ili bakuli lisiteleze. Ile miguu aliipima kwa ajili ya mtu anayekula. Kumbe hakuna aliyekula!

Hapo Narae akatokea na bakuli mkononi. Alipomwona baba yake, akasimama ghafla.

"Baba! Umekuja kunigombeza?"

"Nilikuja kwa kazi hiyo," Mzee Pyo akasema. "Nipe kwanza huo uji."

Akavuta kiti, akala mpaka akalikomba bakuli. Kisha akainama, akautikisa mguu mmoja wa meza.

"Huu unacheza kidogo. Urekebishe."

Narae akacheka huku machozi yakimlengalenga. Alimjua baba yake: kazi aliyoidharau hakujisumbua kuikosoa.

Mzee Pyo akamgeukia bibi. "Pyo Mansik ndiye mimi. Nakuomba sana, unifungulie hilo kabati."

Bibi alipaliwa na uji, ikabidi apigwe mgongoni.

Baba na binti wakashirikiana. Narae akatengeneza kitako kirefu cha plastiki angavu, Mzee Pyo akakilinganisha mpaka kikatulia, kisha wakaipandisha juu yake ile soban ya mbao ya bibi. Siku waliyomrudishia, ukoo mzima wa bibi ulijaa sebuleni, na kila mmoja alitaka zamu ya kula hapo.

Mjukuu wa kwanza kuketi akamwaga mchuzi juu ya nakshi. Wote wakamgeukia Mzee Pyo.

Mzee Pyo akachukua kitambaa, akafuta mara moja. Meza ikabaki inang'aa vilevile.

"Sasa ule utomvu mlidhani niliupaka wa nini?" akasema huku akicheka. "Kuleni! Mwageni mtakavyo!"

Funzo: Urithi wa wazee hauheshimiwi kwa kufungiwa kabatini. Anayeubadilisha kidogo ili watu wa leo wautumie hajauvunja. Huyo ndiye aliyeuweka hai.