Stoo ya Bwana Fisi

Kong'o.

Nani huyo?

Mimi, nimebeba ngano.

Ina nini ndani?

Ina nyumba, ina ukuta, ina mwenye meno.

Itue hapa tuisikie.

Basi sauti ndiyo hiyo: kong'o, mara moja tu, usiku. Mama pimbi akafumbua macho. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa majabalini, utadhani sungura aliyekatwa masikio. Jina alikuwa nalo, zuri, alilopewa na bibi yake. Mtalisikia wakati wake ukifika. Watoto wake watatu walikuwa wamelala kifuani pake, na yeye hakuthubutu kupumua.

Kong'o ile ilitoka ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo, ndani ya jabali hilohilo, aliishi Fisi.

"Mchuzi," Fisi akaita. Miaka yote ya ujirani alimwita hivyo, Mchuzi, hata siku moja hakumwita kwa jina. "Mchuzi, upo?"

"Nipo, bwana."

"Na vitoto vyako vitatu vipo?"

"Wamelala, bwana."

"Vizuri. Nyumba imenibana. Nataka kuongeza chumba, na ukuta nitakaoubomoa ndio huu. Kesho natafuta mchora ramani. Nakuambia mapema kwa sababu mimi ni jirani mwema." Akacheka, hi hi hi, jabali zima likacheka naye.

Mama pimbi hakulala tena. Akimbilie wapi? Nje kulikuwa na tai mchana na chui usiku, na watoto hawajajua kuruka mwamba. Akaukodolea macho ukuta ule mpaka kukapambazuka.

Asubuhi Fisi akasimama mlangoni kwake, akatangaza kwamba anataka mchora ramani. Mchwa, mjenzi wa wajenzi, akasema ana kazi nyingi. Mnana akasema yeye hujenga kwa majani tu. Wengine wakakumbuka safari.

Saa tatu akatokea fundi mmoja mdogo, mweupe kwa majivu toka utosini hadi kucha, ananuka mvumbasi mpaka pua inawasha. Shingoni kamba ya mkonge, nyuma ya sikio kipande cha mkaa. Fisi hakuwahi kumwona mama pimbi kwa macho, maana kijitundu cha kuingilia kwake kilikuwa nyuma ya jabali. Alimjua kwa harufu na kwa sauti. Harufu ilifunikwa na mvumbasi. Na chini ya ulimi mama pimbi alikuwa ameweka kijiwe, sauti ikawa nzito.

"Hodi kwa Bwana Fisi."

"Karibu. Nani wewe?"

"Mchora ramani."

"Jina?"

"Kwetu mchora ramani hatajwi jina mpaka kazi ikabidhiwe. Likitajwa mapema, ukuta hupasuka."

"Haya. Na kwetu mchora ramani akikosea, huliwa."

"Tumeelewana, bwana."

Akapima. Akanyoosha kamba, akafunga fundo. Akanyoosha kamba, akafunga fundo. Fisi nyuma yake, pua kisogoni, fuu, fuu. Walipofika kwenye ukuta ule, upande wa pili mtoto mdogo akapiga chafya. Chi.

Kamba ikamponyoka mama pimbi.

"Umesikia?" Fisi akauliza.

"Nimesikia. Ukuta una ufa, unapitisha upepo."

"Upepo una mafua?"

"Upepo wa jabalini haukosi kitu, bwana. Tuendelee."

Wakakaa chini, Fisi akamweleza habari ya nyama nne zilizo nyuma ya ukuta. Mama pimbi akachora sakafuni kwa mkaa, kwaru, kwaru.

"Ukibomoa ukuta huu leo," akasema, "nyama zitatawanyika. Utashika mbili, mbili zitatoka kwa mlango wako mwenyewe. Na hizo ulizoshika utaziweka wapi?"

Fisi akajikuna. "Hilo sikulifikiria."

"Wenye nyumba wengi hawalifikirii. Kwanza stoo, halafu ukuta. Stoo iwe kule." Akaonyesha pango dogo la ndani, mbali kabisa na ukuta wa pimbi, mwamba mtupu pande tatu. "Upande wa nne utajenga kwa mawe. Mlango nimeuweka hapa."

"Mkubwa hivyo? Shemeji zangu watapita wawili wawili. Punguza."

Akafuta, akachora mdogo.

"Huo anapita nguchiro. Punguza."

Akafuta, akachora mdogo zaidi.

"Huo anapita panya."

"Bwana Fisi, stoo haikosi mlango. Nakushauri kama fundi."

"Nani mwenye nyumba?"

"Wewe, bwana."

"Nani mwenye nyama?"

"Wewe, bwana."

"Futa."

Mama pimbi akalowesha mkono kwa mate, akaufuta mlango.

Fisi hakutaka mwashi hata mmoja, wasije wakaonja. Akajenga mwenyewe.

"Utasimama upande gani?" mama pimbi akamuuliza. "Ukijenga kwa nje, shemeji zako wakipita watakuona."

"Nitasimama ndani. Mimi si mjinga."

Jiwe, tuu. Udongo wa kichuguu, pa. Jiwe, tuu. Udongo, pa. Ukuta ukamfika magotini, ukamfika kifuani, ukamfika puani. Kwa nje mama pimbi alikandika nyufa, na kila ufa aliouziba alimtaja moyoni mtoto mmoja. Jiwe la mwisho likaingia juu, tuu. Giza.

"Fundi, imetoka vizuri?"

"Vizuri sana. Jilaze kidogo, uone kama unaenea."

Fisi akajilaza, hoi kwa kubeba mawe. Akaenea. Akakoroma. Jua la mchana likaingia kwa mlango wa mbele, likaupiga udongo ule wa kichuguu hata ukawa kama chuma.

Alasiri Fisi akaamka, akasukuma. Buu. Akapiga kwa bega. Buu. Ukuta ulikuwa imara, alikuwa ameujenga kwa moyo wote.

"Fundi, mlango uko wapi?"

"Uliufuta, bwana."

"Nitoe."

Mama pimbi akatema kijiwe. Akagonga ukuta mara moja. Kong'o.

"Mchuzi," akasema kwa sauti yake mwenyewe, "upo?"

Fisi akaitambua sauti. Kisha: "Ni wewe."

"Ni mimi. Kazi haijakabidhiwa bado, na haikabidhiwi mpaka jina litajwe. Langu unalijua. Bibi yangu alikuwa akiniita kila jioni niingie ndani, na wewe ulikuwa umetega sikio ukutani. Litaje, ndipo tuzungumze habari ya mlango."

"Jirani."

"Silo."

"Mama watoto."

"Silo, bwana."

Basi, mafunzo ya ngano yangu ni haya, myashike: akija mtu hujamwita, akasema ni mchora ramani, mpe kazi na usimuulize jina. Akikushauri, usimsikilize, nyumba ni yako. Na stoo ukimaliza kuijenga, lala humohumo.

Nimetua mzigo.

Tumeupokea. Na jina?

Si langu kulitaja. Sikilizeni stoo.

Fisi akakohoa. Akameza mate. Akaupapasa ukuta kutoka juu mpaka chini, polepole, kama anayetafuta mlango.

"Bi Mashavu," akalitaja.