Bao Alilofungwa Mzee Vuai

"Kete ya mwisho haina lawama." Mmeisikia leo, wanangu, mkaniuliza imetoka wapi. Ilianzia jikoni kwa bibi yangu, Bi Mize, siku alipochoka.

Mumewe, Mzee Vuai, alikuwa amefungwa katika mchezo wa bao mbele ya kijiji kizima. Alipokuwa akitia kete yake ya mwisho, rafiki yake Kombo, aliyekuwa akitazama, alikohoa. Basi! Mzee akashikilia kwamba kikohozi ndicho kilichompoteza. Akaacha kuamkiana na Kombo, na posa ya kijana wa Kombo kwa binti yake Riziki akairudisha. Riziki alilia hadi macho yakamvimba.

Tena kila siku mzee aliyachukua maharage aliyokuwa akiyachagua mkewe, akaupanga mwisho wa mchezo ule sakafuni.

"Hapa ndipo alipokohoa. Waona, Mize?"

"Nimeona jana, nimeona juzi! Mtoto analia chumbani, chungu kinangoja, wewe kikohozi, kikohozi! Bao lako halina mwanzo? Lianze mwanzo, au leo hapa hali mtu."

"Mwanzo hauna neno. Bao hulijui wewe."

"Silijui. Nionyeshe."

Mzee akateremsha ubao, maharage yakawa kete, akacheza pande zote mbili akinung'unika, Bi Mize kamsimamia na mwiko. Katika bao kuna shimo moja lenye kete nyingi, huitwa nyumba, na mchezaji mwenye akili hulilinda; kuzitawanya kete zake ndiko kuivunja. Mkono wa mzee ukasita hapo.

"Endelea!"

"Hapa... niliivunja nyumba."

"Mapema hivi? Kwa nini?"

"Watu walipiga makofi. 'Vunja, Vuai, vunja!' Nikavunja."

Akaendelea polepole. Tangu pale kila zamu ilimwacha na kete chache zaidi. Mwishoni akaijaribu kete ile katika kila shimo. Hapakuwa na la kumwokoa. Bi Mize akayazoa maharage yake, akayatia chunguni.

Kwetu baba wa msichana hafuati posa; hungoja afuatwe. Mzee Vuai aliifuata mwenyewe, mchana kweupe, majirani wakimtazama. Kombo akamwacha asimame mlangoni.

"Umeniletea dawa ya kikohozi?"

"Nimekuja kuomba ile posa irudi, ndugu yangu. Wewe hukunipoteza. Nilijifunga mwenyewe mwanzoni kwa kupenda makofi. Kete ya mwisho haina lawama."