Siku Nungunungu Walipoweka Miiba Chini

Zamani za kale hizo, na mwaka msiniulize, wanyama wa kilima kimoja walipigana wao kwa wao. Nyati alitaka mashimo yote ya nungunungu yafukiwe, ati wanawe wanajikwaa. Vita vikawa vikali mpaka chakula kikaisha, na nungunungu wakashindwa. Ndiyo, walishindwa! Wewe usininunie, sikiliza.

Jemadari wao, Bi Mwatime, akamwendea Nyati.

"Tumeshindwa. Sema masharti yako."

"Kila mmoja alete miiba yake yote! Atakayeileta atabaki na shimo lake."

"Apa!"

"Haki ya pembe zangu!"

Loo, kumbe moyoni anacheka: wakishabaki uchi, nani atamzuia? Pembe yake moja ilivunjika zamani na haikuota tena. Akadhani kila silaha ni hivyo.

Kesho yake Nyati akatandika jamvi, nungunungu wakapanga mstari. Kila mmoja akajitikisa, chwaa! Miiba ikamwagika jamvini. Askari mmoja kijana, Kasiga, akaangua kilio.

"Mama, afadhali kufa!"

Bi Mwatime akamwambia, "Jitikise, mwanangu. Maiti haioti mwiba."

Bi Mwatime akawa wa mwisho. Nyati akafoka, "Na upige magoti!"

"Tulipatana miiba. Magoti hukuyataja."

Akajitikisa, chwaa! Akaenda zake kichwa juu. Nyati akaichoma miiba yote, akacheza ngoma siku tatu.

Masika yakaja, yakapita. Nyati huyoo, na wanawe nyuma yake, wamekuja kufukia mashimo.

"Tokeni! Leo mtanichoma na nini?"

Mara shimoni, kwararara! Bi Mwatime akatoka kinyumenyume, miiba mipya imesimama. Nyuma yake Kasiga, kwararara! Kisha jeshi zima.

"Mmenidanganya!" Nyati akapiga kelele. "Miiba yenu niliichoma mwenyewe!"

"Na tulikupa yote, hatukuficha hata mmoja. Yetu ikianguka huota, bwana! Ungeuliza, tungekwambia."

"Lakini mlishindwa!"

"Tulishindwa, na ahadi yetu tumeitimiza. Nawe uliapa kwa pembe zako. Haya, sogea, tuone kiapo kinavyovunjwa!"

Nyati akaikumbuka ile pembe moja aliyobakiwa nayo. Akarudi nyuma taratibu, wanawe wakamfuata. Mashimo yale hayajafukiwa hata leo.

Basi wanangu, anayeweka silaha chini hajaweka na roho yake.