Kabati Lisilo na Kufuli

Mwalimu mmoja wa wauguzi alikuwa na kabati lisilo na kufuli. Lilikaa nyuma ya darasa lake, na ndani yake aliweka unga, maharage na sukari kidogo, vyote vya mshahara wake. Jina lake Yustina. Kwa miaka thelathini aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mgonjwa, kabla ya kupewa kidonge, sharti aulizwe kama amekula. Na asiyekula alionyeshwa kabati. Hakuna aliyeandikwa jina, wala aliyeulizwa kwa nini amerudi tena.

Leokadia alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Alifika chuoni na begi moja na njaa ya kuwatosha watu wawili, na muhula wote wa kwanza uji wake ulitoka kabatini. Kwa hiyo mwalimu alipofariki, yeye ndiye aliyelia mpaka sauti ikamkauka, na yeye ndiye aliyesimama matangani akasema wajenge ghala la chakula kando ya zahanati ya chuo, alikokuwa nesi sasa, liitwe kwa jina la marehemu. Watu waliguswa. Wauguzi waliopitia mikononi mwa Yustina walichanga kutoka kila wilaya, huyu fedha, yule gunia la mahindi. Haikupita miezi mitatu ghala likasimama, lina bati jipya, mlango wa chuma na kufuli. Ufunguo aliuvaa Leokadia shingoni.

Kisha kamati ya ghala ikakaa, na kamati ikikaa haikosi la kuamua. Ghala lizinduliwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mgeni rasmi akate utepe. Magunia yafike darini, maana ingekuwa aibu mgeni kuona mapengo. Lile kabati la zamani lipigwe vanishi, liwekwe picha ya marehemu juu yake. Na mpaka siku hiyo kisitoke hata kibaba kimoja. Leokadia aliafiki. Alitaka mwalimu wake apate heshima kamili, na nia yake ilikuwa safi. Hilo ndilo linalosikitisha zaidi.

Siku kumi kabla ya sherehe akaja Ngailo, fundi viatu, mgonjwa wa kifua kikuu, kuchukua dawa zake za wiki. Alilizoea kabati tangu mwalimu akiwa hai. Akasimama mbele ya mlango wa chuma, mfuko wake mtupu ameukunja kwapani. Leokadia alimwonea huruma, huruma ya kweli kabisa. Akaushika ufunguo, akauachia. Akamkabidhi vidonge na kumwambia kwa upole avumilie hadi Jumamosi ya wiki ijayo. Hakumuuliza kama amekula, kwa sababu jibu alilijua.

Jumatano iliyofuata Ngailo hakuonekana kwenye foleni ya dawa. Leokadia aliliona hilo, lakini siku hiyo maturubai yalikuwa yanashushwa, na fulana zenye picha ya marehemu zilikuwa hazijafika.

Sherehe ilifana. Utepe ulikatwa, watu wakaimba, mgeni rasmi akasifu jinsi ghala lilivyojaa.

Jumapili Leokadia alifunga nusu gunia la unga kwenye baiskeli akaenda kwa Ngailo. Alikuta watu wameketi kwenye mikeka nje ya nyumba, na hakuhitaji kuambiwa. Mke wa Ngailo alimkaribisha vizuri, akaupokea unga kwa mikono miwili, kisha akamrudishia bahasha ya dawa. Vilikuwa vimepungua vidonge viwili tu.

"Vilikuwa vinamchoma tumboni, dada nesi," alisema. "Nikamsihi ameze hivyo hivyo. Akasema hapana, nesi kaniambia Jumamosi, nami nitaanza tena Jumamosi."

Unga ule ulipikwa siku ileile, ukawalisha waombolezaji. Leokadia naye alitengewa sahani, akala, kwa kuwa chakula cha msiba hakikataliwi.

Kesho yake alilivunja kufuli, na tangu hapo ghala lile halijafungwa tena. Wapo wanaosema alimaliza vizuri. Lakini nyinyi mnaowajengea marehemu wenu, niambieni: siku zile kumi mlango ulipofungwa, ulifungwa kwa heshima ya nani?