Mwongozo Uliomkumbatia Mkwe

«Anayekuonyesha mji, muulize alilala kwa nani.»

Mmeisikia jana kwenye sherehe, mkacheka, mkadhani ni mzaha wa wazee wa Muheza. Haikuzaliwa kwenye mzaha. Ilizaliwa kwenye hasira, na hasira hiyo bado haijapoa. Kwa kuwa mmeuliza, kaeni mnisikilize. Methali hii ilianza hivi.

Alikuwepo hapa Muheza mama mmoja, Bi Mwanjaa, mwenye shamba la machungwa njia ya Amani. Hakujaaliwa mtoto wa tumboni, ila alimlea Singano, mtoto wa marehemu kaka yake, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Singano akakua, akaenda chuo cha kilimo Morogoro, na huko akapendana na msichana wa Kiganda aitwaye Nansubuga, kwao upande wa Masaka. Wakakubaliana. Ikabaki kazi ya wazee: kwenda kuposa ng'ambo ya mpaka, mahali ambapo hakuna hata mmoja wa ukoo ule aliyewahi kukanyaga.

Bi Mwanjaa hakulala vizuri. Hakuhofia safari. Alihofia kwamba yatima wake angeonekana kwa watu kuwa hakufunzwa. «Mtoto akikosea huko,» alikuwa akisema, «hawatamwona yeye. Wataniona mimi.»

Kiongozi wa msafara alikuwa kaka yake mkubwa, Bwana Mhando, mwalimu mkuu mstaafu. Nansubuga alikuwa amesema kwa simu kwamba shangazi yake, Nalule, aliyewahi kufanya biashara Mwanza na anayejua Kiswahili, yuko tayari kuwapokea mapema awaelekeze. Bwana Mhando akakataa. «Twende kwa watu kabla ya siku yetu, tukafundishwe kama chekechea? Vitabu vipo.»

Wakaenda Tanga mjini, duka la vitabu, kaka na dada. Vitabu vya safari ya Uganda vilikuwa viwili. Kimoja chembamba, karatasi za kijivu, kimeandikwa na mama mmoja aliyeolewa huko akakaa mpaka akapata wajukuu. Cha pili kinene, kinang'aa, jina lake «Uganda Kiganjani», na nyuma yake picha ya mwandishi, Bwana Festo Lukindo, amevaa kofia pana na miwani ya jua, amekunja mikono kama aliyeinunua dunia.

Bi Mwanjaa alifungua kile chembamba, akasoma ukurasa mzima amesimama. «Kaka, huyu anasema mavyaa wake ndiye aliyemfundisha. Tuchukue hiki.»

«Huo umbea wa jikoni,» akasema Bwana Mhando. «Hata picha hakina. Tazama hiki, kina ramani.»

Ramani! Watu walikuwa wanakwenda kuomba mke, naye anatafuta ramani. Basi kikachukuliwa kile kinene, na tangu siku hiyo Bwana Mhando hakutembea bila hicho kitabu kwapani. Akiulizwa zawadi za kupeleka, anafungua kitabu. Akiulizwa mavazi, anafungua kitabu. Walipofika sura ya ukwe, akaisoma kwa sauti sebuleni: «Waganda ni watu wachangamfu. Mchumba afikapo ukweni asisite. Amwendee mama mkwe, amshike mikono yote miwili na kumkumbatia mbele ya wote. Kusita ni dharau.»

Bi Mwanjaa aliweka chini ungo wa mchele. «Mkwe akumbatiwe? Hata hapa kwetu mkwe hakumbatiwi. Mkwe anapishwa njia!»

«Hapa ni hapa, dada. Huko ni nje ya nchi.»

«Nje ya nchi hawana haya?»

«Kimeandikwa, Mwanjaa. Kimepigwa chapa.»

Singano naye alisitasita, akataka kumuuliza Nansubuga kwa simu, baba mkubwa akamkataza. Akamtazama shangazi, akamtazama baba mkubwa. Lakini kijana anayeposa hufuata mkubwa wa msafara, na Bi Mwanjaa akanyamaza ili asimvunjie kaka yake heshima mbele ya vijana. Kimya hicho kilimuuma kuliko yote baadaye.

Wakasafiri, basi baada ya basi, wakavuka mpaka wa Mutukula, wakafika kwa wakwe siku yenyewe. Boma limefagiwa, mikeka imetandikwa. Wanaume wa ukoo wamevaa kanzu na koti juu, wanawake wamevaa magomesi yenye mabega yaliyochongoka. Wageni wakakaa upande wao na vikapu vyao: sukari, vitambaa, na machungwa aliyoyachagua Bi Mwanjaa mwenyewe, moja moja, mtini. Wanawake wa nyumba wakatoka kwa zamu, wakapiga magoti mbali kidogo, wakasalimu, Nalule akitafsiri. Kila kitu kilikwenda vizuri, mpaka Bi Mwanjaa akaanza kupumua.

Ndipo akatoka mama yake Nansubuga. Alitoka na wakubwa wenzake, ameinamisha uso, akapiga magoti mkekani mbali kabisa na wageni. Bwana Mhando akamfinya Singano ubavuni. «Sasa. Usisite.»

Kijana akainuka. Akavuka mikeka mbele ya ukoo mzima, akamshika yule mama mikono yote miwili, akamkumbatia.

Mama wa watu alipiga ukelele. Alijivuta nyuma mpaka kilemba kikamvuka, akafunika uso kwa viganja, akalia mbele za wageni. Wanawake wakamzingira wakamwingiza ndani. Kwao mkwe wa kiume na mama wa mke hawagusani hata vidole, na mtoto wa miaka mitano pale alilijua hilo. Wazee wakasimama. Baba yake Nansubuga hakupaza sauti. Alisema neno moja tu kwa Kiganda, na vijana wakaanza kurudisha vikapu upande wa wageni, na machungwa yakiwemo.

Na Bwana Mhando? Aliinama anatafuta ukurasa!

Bi Mwanjaa alimpokonya kitabu kile mkononi. Heshima ya kaka ilikuwa imefika mwisho wake. Akaenda nacho hadi miguuni kwa Nalule, shangazi wa binti, akapiga magoti, akafungua ile sura.

«Dada yangu, mwanangu hakukosa adabu. Nimemlea mwenyewe. Alikatazwa na moyo wake, akaamrishwa na hiki. Soma.»

Nalule akasoma. Akawatafsiria wazee, na manung'uniko yakapanda. Kisha akauliza swali moja.

«Huyu mtu aliyetuandika, alilala kwa nani? Nani alimkaribisha ndani, akamwona mkwe anakumbatiwa?»

Baba wa binti akaamua: waende, wakae mpaka mavuno, kisha warudi na mbuzi wa kumfuta machozi mama mwenye nyumba. Kama watarudi, warudi wakiwa wamejifunza.

Walirudi Muheza na vikapu vyao. Miezi ile Singano hakula akashiba. Watu wakamcheka sokoni: «Mkumbatia wakwe!» Hilo ndilo linalochoma. Aliyetii ndiye aliyechekwa, na aliyedanganya aliendelea kuuza.

Siku moja ikasikika kwamba Bwana Lukindo yuko Tanga, dukani pale pale, anawatilia watu sahihi kwenye kitabu. Bi Mwanjaa akavaa kanga yake mpya, akapanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, akaweka kitabu mezani.

«Nikuandikie jina gani, mama?»

«Usiandike. Niambie tu, kule Masaka ulilala kwa nani?»

Bwana Lukindo akacheka. «Mama, mimi ni mtafiti.»

«Nimekuuliza ulilala kwa nani.»

«Nilizungumza na watu wengi.»

«Wapi?»

«Bukoba. Madereva, wafanyabiashara…»

«Mpaka uliuvuka?»

Bwana Lukindo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. «Mama, ni mila tu hizo, hutofautiana. Nikupe nakala mpya, bure.»

«Mama wa watu amelia mbele ya wageni kwa ajili yako, nawe unanipa nakala ya pili ya uongo ule ule? Huna haya! Umeuza njia ambayo hukuipita.» Akawageukia waliokuwa nyuma yake. «Jamani, anayekuonyesha mji, muulize alilala kwa nani!»

Watu wakaanza kurudisha vitabu rafuni, mmoja mmoja.

Baada ya mavuno Bi Mwanjaa alitangulia peke yake, akalala kwa Nalule, akafundishwa kila kitu jikoni kule kule alikokudharau kaka yake. Siku ilipofika, Singano alisalimu kwa mbali, macho chini, na mama yake Nansubuga akamjibu kwa mbali, akitabasamu ndani ya viganja. Safari hii machungwa hayakurudishwa.

Tangu hapo, kila mwenye safari ya Uganda alikwenda kwa Bi Mwanjaa kuuliza. Naye jibu lake lilikuwa lile lile: «Mimi nililala nyumba moja. Ya nyumba hiyo nitakueleza mpaka uchoke. Ya nchi nzima, nenda kalale mwenyewe.»

Bwana Lukindo hakuwahi kusema hivyo hata kwa ukurasa mmoja, na kitabu chake kinauzwa mpaka leo, kinang'aa vile vile. Ndiyo maana wazee hawacheki wanaposema: anayekuonyesha mji, muulize alilala kwa nani.