Nyamaza, Mama, Nasikiliza Moyo

Wapendwa, leo kabla hatujaingia kwenye neno lenyewe naomba niwapeleke hospitali. Msikunje mikono hivyo, hakuna atakayechomwa sindano. Tutasimama pembeni ya wodi, tutatazama, hatutamsumbua sista, kisha tutarudi hapa salama.

Basi kulikuwa na daktari mmoja. Nasema daktari, lakini nikimwita hivyo tu atanuna, maana hapo alishapita zamani. Alisomea udaktari, akamaliza. Akarudi darasani akasomea ubingwa, akamaliza. Akaona bado, akaenda hospitali moja kubwa ya kufundishia kusomea ubingwa bobezi wa moyo, miaka miwili mingine. Bingwa bobezi, kwa ninyi wa benchi za nyuma mnaonikodolea macho, ni yule ambaye mabingwa wenyewe wakishindwa wanamwandikia barua ya rufaa. Mpaka mtu afike hapo ameshaota mvi, na watoto wake wanamfahamu zaidi kwa simu.

Tusimwonee, akili alikuwa nayo. Moyo aliujua chumba kwa chumba, mlango kwa mlango. Alikuwa ameandika tasnifu ya kurasa mia mbili kuhusu mioyo ya ajabu, ile inayopatikana kwa mtu mmoja katika maelfu, na picha ya mmoja wa mioyo hiyo, ule uliompendeza kuliko yote, aliitia fremu akaitundika ukutani ofisini kwake. Mgeni akiingia, kabla hajakaa, anaonyeshwa. "Huu hapa moyo wangu," anasema. Mkewe alipofika pale mara ya kwanza alizungusha macho kuta zote nne, kisha akauliza picha ya harusi iko wapi.

Tena alikuwa ameshachongesha kibao cha mlangoni. Mbao ya mninga, herufi zimechimbwa vizuri: Daktari Bingwa Bobezi wa Moyo. Kilikuwa kwenye buti la gari, kimeviringishwa kwenye gazeti, kinasubiri mtihani mmoja tu uliobaki.

Sasa mtihani wa mwisho wa watu hawa si wa kalamu. Ni wa kitandani. Unapewa mgonjwa wa kweli, huambiwi anaumwa nini. Una dakika thelathini, mikono yako, macho yako na stetoskopu, kile chombo cha kusikilizia moyo. Mashine hakuna, faili hakuna. Kisha wanaingia maprofesa watatu, mmoja wao mgeni kutoka chuo kingine asiyekujua wala kukuonea haya, nawe unawaeleza ulichokigundua. Ukikosa, unarudia baada ya miezi sita. Miezi sita! Na huko mkoani kwao hospitali inamsubiri, wagonjwa wameshaandikwa kwenye orodha, mama mkwe ameshawatangazia jumuiya nzima pamoja na wa jumuiya ya jirani.

Siku yenyewe ikafika. Mgonjwa aliyeandaliwa alikuwa mzee mmoja, lakini alipopata habari kwamba madaktari wanane watampapasa kifua kwa zamu, akavaa kandambili zake akaondoka bila kuaga. Sista wa wodi akahaha. Akakimbilia kliniki ya moyo, akamkuta mama mmoja mtu mzima kwenye foleni anamenya chungwa, akamwomba amsaidie. Mama akakubali. Akina mama wetu mnawajua.

"Sharti ni moja tu, mama," sista akamwambia akimpandisha kitandani. "Daktari akikuuliza, mjibu ukweli wote. Asipokuuliza, usimwambie kitu. Ukimwambia mwenyewe utakuwa umemwibia mtihani."

"Ataniuliza," mama akasema. "Daktari gani asiyeuliza?"

Lishikeni hilo swali, tutalirudia.

Daktari wetu akaingia, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. "Shikamoo, mama," akasema, macho yako kwenye saa. Marahaba ya mama ilipotoka ilimkuta ameshachomeka stetoskopu masikioni. Hakuisikia. Akaweka kile kichwa cha chombo kifuani, upande wa kushoto, mahali ambapo kila mtoto wa shule ya msingi anajua moyo unakaa.

Moyo ukasikika kwa mbali sana, kama jirani anayetwanga nyumba ya tatu. Daktari akakunja uso. Akasogeza chombo kidogo, akabonyeza, akafumba macho.

"Mwanangu," mama akaanza, "huna la kuniuliza?"

"Nyamaza kidogo, mama. Nasikiliza moyo."

Jamani, mmemsikia? Anamnyamazisha mwenye moyo ili ausikie moyo! Wanakwaya, msicheke sana, tunakuja kwenu.

Dakika kumi zikapita. Daktari akagongagonga mgongo, akaangalia kucha, akashika mkono akahesabu mapigo, akarudi palepale kushoto. Mama alimtazama yule kijana wa watu anavyotokwa jasho, akamhurumia kweli. Alitaka afaulu. Lakini ahadi ni ahadi, alishamwahidi sista.

"Niulize basi hata jina," akasema.

"Mama, ukiongea kifua kinatikisika. Tafadhali."

Mama akanyamaza. Akafikiri. Kujikuna hakukukatazwa. Akanyanyua mkono polepole akajikuna kifuani upande wa kulia. Akatulia, akamtazama daktari. Akajikuna tena, safari hii kwa nguvu, hapohapo kulia, huku amemkodolea macho mtu anayetarajiwa kuelewa.

Daktari akachukua kalamu akaandika: Mgonjwa ana muwasho wa ngozi.

Wakati ulikuwa unakwisha, na jibu likamjia. Moyo usikike kwa mbali, maana yake nini? Si kuna kitu kimeuziba? Na kitu gani kinauziba moyo namna hiyo? Maji! Maji yamejaa kuuzunguka. Kweli mishipa ya shingo haikukubaliana naye, mapigo ya mkononi hayakukubaliana naye, na mama mwenyewe alikuwa na siha ya kumkimbiza mwizi. Lakini daktari alikuwa ameshalipenda jibu lake, nanyi mnajua mtu akishapenda anavyokuwa. Likawa zuri zaidi kila alipolitazama. Ugonjwa mkubwa, wa hatari, unaostahili bingwa bobezi. Akauona ule mninga umeshapigiliwa mlangoni.

Maprofesa wakaingia. Yule mgeni alikuwa mama mfupi, mpole, mwenye daftari dogo. Daktari akasimama wima akaanza. Lugha ilitiririka. Akaeleza sauti ya moyo ilivyofifia, akaeleza maji yalivyojaa, akaeleza uzito wa hali.

"Na unashauri nini?" profesa mgeni akauliza.

"Sindano ndefu, Profesa, tuipitishe kifuani tuyatoe maji. Leo hii. Tukichelewa tutampoteza."

"Mtanipoteza mimi?" mama akaropoka kutoka kitandani. "Nimekuja hapa kwa miguu!"

Profesa akaandika kitu kwenye daftari lake. "Daktari, mgonjwa wako anaitwa nani?"

Daktari akatazama karatasi yake. Pale juu alikuwa ameandika: Mwanamke, miaka kama sitini.

"Ulimuuliza chochote?"

"Dalili zilijitosheleza, Profesa."

Basi yule profesa akasogea, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kalamu chini. "Shikamoo, dada," akasema, akangoja.

"Marahaba, mdogo wangu."

"Hujambo? Unaitwa nani?"

"Sijambo. Naitwa Nakijwa. Nimezaliwa milimani, nalima tangawizi, nina wajukuu tisa, na moyo wangu uko upande wa kulia." Alisema yote hayo kwa pumzi moja, maana yalikuwa yamembana nusu saa nzima. "Uko huko tangu nizaliwe, haunisumbui sana. Nilikatazwa kusema mpaka niulizwe. Nimejikuna mpaka nimechubuka."

Profesa akachukua stetoskopu yake, akaiweka kulia. Akatabasamu. Akamkabidhi daktari asikilize. Na huko kulia, ndugu zangu, moyo wa Mama Nakijwa ulikuwa unapiga kama ngoma ya harusi.

Daktari akasawajika. "Lakini hii... hii mimi naijua!" akasema kwa uchungu. "Profesa, hii ndiyo tasnifu yangu! Nimeandika kurasa mia mbili kuhusu mioyo iliyokaa kulia!"

"Najua, mwanangu," Mama Nakijwa akasema kwa upole. "Mimi ndiye yule mgonjwa wako wa tatu. Kliniki ya Jumanne. Mwaka jana ulinilaza kwenye mashine ukaupiga picha, nikakuwekea dole gumba kwenye karatasi ya kukubali. Ulifurahi sana siku ile. Ndio ule ulioutundika ukutani kwako, sista wa kliniki alinionyesha."

Mwaka mzima, wapendwa! Kila asubuhi alikuwa anausalimia moyo wa mama huyu ukutani. Ameutia fremu, anauita wake. Siku mwenye moyo alipolala mbele yake, akamwambia niulize hata jina, hakumtambua.

Alifeli, tusimalize habari kwa sukari. Kibao kilikaa kwenye buti miezi sita, gazeti likachakaa juu yake. Na mimi hapa kicheko hunikauka, maana najiuliza: isingekuwa mtihani, je? Ile sindano ingeingia. Ingeingia kwa elimu yote, kwa nia njema kabisa, kutibu maji yasiyokuwepo, kwa mama aliyekuwa na jibu mdomoni akisubiri tu kuulizwa.

Sasa tumwache daktari, ameshalia vya kutosha. Tulirudie lile swali la mama, daktari gani asiyeuliza, tujiangalie sisi.

Mtu wetu akiugua, jumuiya tunakwenda. Tunafika kumi na watano. Tunaimba, wanakwaya mpo, beti zote sita haturuki hata moja. Tunaomba kwa sauti mpaka vidonge vinatikisika mezani. Tunakunywa chai yao, tunawaachia sabuni na sukari, tunaondoka tumeridhika. Nani alimuuliza mgonjwa, unaumwa wapi? Mwezi unapita ndipo tunagundua tuliombea mguu, kumbe kinachomlaza yule baba ni mwanawe aliyeacha kumpigia simu. Yeye alitaka kutuambia. Alijikuna weee! Sisi tulikuwa kwenye ubeti wa nne.

Na vijana je? Wazee wa kanisa, kamati yetu imekaa vikao vinne kujadili kwa nini vijana hawaji ibadani. Tumeandika taarifa, imechapwa, ina jalada. Nimeisoma yote. Hakuna ukurasa hata mmoja ambapo kijana ameulizwa. Tumegundua maji, tumeshauri sindano ndefu.

Tunapenda watu, sikatai. Tunawapenda kama ile picha ukutani. Tuna majina yao kwenye daftari la washarika, tunajua wangapi wamebatizwa, wangapi wamehama. Lakini yule anayekaa nawe benchi moja mwaka wa tatu huu, huyo hapo kushoto kwako, usigeuke sasa hivi utamtisha, huyo anaitwa nani? Ana nini moyoni leo? Au na wewe ulimpa salamu masikio yakiwa tayari yameshazibwa?

Mungu anajua ugonjwa wetu kabla hatujafika kwake. Anajua moyo wa kila mmoja wetu uko upande gani. Hahitaji kuambiwa. Na bado tangu nianze kuomba, na ninaomba maneno mengi mno, hajawahi hata siku moja kuniambia nyamaza. Ananiacha niseme. Yeye aliyeuumba moyo anamngoja mwenye moyo aongee. Mimi na wewe tumepata wapi haraka yetu?

Namaliza. Jana mchana nilikuwa mezani naandika mfano huu huu, nimenogewa, nimefika pale mama anapojikuna, nacheka peke yangu. Mke wangu akasimama mlangoni. Akasema, "Baba, nina jambo nataka kukwambia." Nami mtumishi wenu, bila kuinua kichwa, nikamjibu, "Subiri kidogo, mama, naandika mahubiri ya kusikiliza watu."

Hakurudi. Na mpaka napanda hapa asubuhi hii sijamuuliza.

Yule pale, benchi la tatu, ameinamisha uso asionekane anacheka. Basi leo ibada ikiisha msinipangie mstari mlangoni kunipa mkono. Mzee wa zamu atawaaga. Mimi nitakuwa benchi la tatu, nauliza.